Umeme Haukukatika

Madereva wenzake walimpa jina la Breki, likamganda hadi nyumbani. Hata mkewe alilitumia siku akikasirika. Halikuwa jina la dhihaka. Miaka yote aliyoendesha malori ya mizigo, hakuwahi kurudisha gari la mtu likiwa na mkwaruzo ambao halikuondoka nao. Wenzake walirudi na taa zilizopasuka na hadithi ndefu za ng'ombe aliyekatiza barabara. Yeye alikabidhi funguo, akamwambia mwenye gari, "Lizunguke ulikague," kisha akasimama kando, mikono nyuma, akisubiri. Hilo ndilo alilojivunia, wala hakuwa na mengine mengi ya kujivunia.

Goti la kushoto, goti la klachi, ndilo lililomstaafisha. Na goti hilohilo ndilo lililomleta kukaa kwa binti yake kwa muda, maana kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka pale. Binti alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Mumewe alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kazi yake aliifanyia hapohapo nyumbani, katika chumba kidogo mwisho wa ukumbi, chenye meza moja, kiti kimoja cha kuzunguka na kompyuta ya kukunja ambayo ndiyo iliyowalisha.

Mkwe huyo alikuwa kijana mrefu, mpole, wa kupiga hodi hata kwenye sebule yake mwenyewe ikiwa baba mkwe amekaa humo. Na mzee naye alikuwa akikohoa kabla ya kupita ukumbini, ili asije akamkuta mkwewe na fulana ya ndani. Heshima iliyokuwa kati yao ilikuwa nzito kama gunia la saruji: walilibeba pamoja kutwa nzima, kila mmoja akiona aibu kuwa wa kwanza kulitua.

Jioni moja, hata hivyo, kijana alimwita chumbani. "Baba, hebu njoo uone. Hii si ile barabara yako?"

Mzee akainamia kioo. Ilikuwa barabara yake kweli, imepigwa picha hatua kwa hatua, na mkwe akibonyeza wanasonga mbele kama waliomo ndani ya gari. Kona ya mlimani iliyomla rafiki yake. Mizani ambako alisimama nusu ya ujana wake. Kituo cha mafuta alichokuwa akilala, siku hizi kimepakwa rangi mpya. Breki alijiziba mdomo kwa kiganja. Walitazama mpaka chakula kikapoa, na binti akaja kuwafokea wote wawili kama watoto.

"Ukitaka tena, baba, niambie tu," mkwe alisema.

Lakini hilo "niambie tu" ni jepesi mdomoni mwa anayelisema, na zito kwa anayeambiwa. Mtu mzima aende mlangoni kwa mkwewe, kijana wa watu yuko kazini, aseme nini? Nionyeshe barabara? Mzee aliimeza hamu yake.

Siku yenyewe, mkwe aliondoka asubuhi kwenda kwenye jengo lililokuwa likipandishwa kuta. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alimwambia mkewe kwamba kompyuta ameiacha ikifanya apdeti, isiguswe. Mzee wakati huo alikuwa bafuni, maji yakimwagika, hakusikia. Binti akafagia, akapitisha ufagio hadi chumba cha mumewe, akaaga, akaenda dukani kwake. Nyumba ikanyamaza.

Breki alifanya mazoezi ya goti mpaka akachoka kuhesabu. Akasimama dirishani. Akarudi kitini. Mwishowe akajikuta ukumbini, na mlango wa chumba kile ulikuwa wazi nusu. Nitachungulia tu, akajiambia.

Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Kioo kilikuwa cha buluu, na katikati yake vitone vilizunguka kama nzi juu ya kikombe. Chini yake palikuwa na maneno ya Kizungu na tarakimu: thelathini. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti, akasubiri. Vitone vikazunguka. Thelathini ikabaki thelathini. Alisubiri tena, muda wa mtu kunywa chai yake akaimaliza, na thelathini haikusogea.

Imekwama, aliamua. Na alikwisha kumwona mkwewe siku moja mashine ilipokwama: alikishikilia kile kitufe cha pembeni mpaka giza likaingia, akakibonyeza tena, ikaamka inakimbia. Hata lori likikugomea ndivyo hivyo, unazima, unalipumzisha, unapiga stata. Akaweka kidole.

Giza. Akawasha. Vitone vikarudi, na maneno mengine asiyoyajua. Akangoja kidogo, akazima. Akawasha. Vitone tena. Akazima kwa hasira sasa, kama anayempiga punda kibao. Alipowasha mara ya mwisho, vitone havikuja. Kilikuja kioo cheusi na mistari ya maandishi meupe, na hapo mzee akaondoa kidole kama aliyegusa ekzosi ya moto.

Aliifunika kompyuta polepole. Akakirudisha kiti pale kilipokuwa, akauacha mlango nusu wazi kama alivyoukuta. Na alipokuwa akirudi sebuleni kwa kuchechemea, ndipo alipojiona: mtu aliyezoea kusema "lizunguke ulikague" alikuwa akifuta nyayo zake kama mwizi wa kuku.

Mkwe alirudi adhuhuri, na vumbi la saruji viatuni. "Baba, shikamoo. Goti linasemaje?"

"Marahaba. Goti halijambo."

Maneno mengine yalimfika mzee hadi kwenye meno, yakageuza. Kijana akapita ukumbini. Vitufe vikasikika, kisha mtu akivuta pumzi kwa nguvu. Binti naye akaingia kwa mapumziko ya mchana, na mumewe akamwita chumbani kabla hajavua hata kitambaa cha kichwani.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba.

"Ulipofagia humu uligusa waya?"

"Waya gani?"

"Wa kompyuta. Imeharibika. Apdeti imekatikia njiani, sasa haiwaki. Na mama wa matofali anakuja leo kuona ramani yake."

"Mimi sikugusa kitu. Nilipotoka ilikuwa inazunguka, nikaiacha inazunguka."

"Haiwezi kujizima yenyewe. Nilikwambia isiguswe, wewe na ufagio wako..."

"Ufagio wangu umefanya nini? Usinitafute! Nimekwambia niliiacha inazunguka."

Breki alikuwa ameshika mikono ya kiti. Simama, alijiambia. Simama sasa hivi, unasikia mtoto wako anavyosingiziwa. Goti lilikuwa zima kabisa dakika ile, lakini hakusimama.

"Basi nani?" sauti ya mkwe ikauliza.

Halafu hakuna aliyesema kitu. Mzee aliusikia ukimya ule ukigeuka, kama mtu anavyogeuka kitandani, mpaka ukamtazama yeye. Binti alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa mnong'ono.

"Labda umeme ulikatika."

"Umeme," mkwe akaitikia, polepole. "Ndiyo. Itakuwa umeme."

Hapo ndipo uso wa mzee ulipowaka. Kupigiwa kelele angestahimili; maishani mwake alipigiwa kelele na matajiri wa kila aina. Lakini hawa walikuwa wakimsitiri, kama mnavyomsitiri mtoto aliyelowesha godoro la wageni.

Mkwe akaja sebuleni, akapiga hodi kwenye fremu ya mlango. Hakumtazama mzee, alitazama pazia. "Samahani, baba. Eti asubuhi umeme ulikatika hapa?"

Uongo ulikuwa umeshapakuliwa na kuwekwa mezani. Kilichobaki kilikuwa kunyoosha mkono.

"Ulikatika," mzee akasema. "Kidogo tu. Halafu ukarudi."

Ile "ukarudi" aliiongeza bure, hakuna aliyemwomba.

"Ahsante, baba," kijana akasema, akarudi chumbani.

Akampigia simu rafiki yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mjini, na kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili aliiweka simu sauti ya juu. Kila neno likafika sebuleni.

"Umeme ulikatika katikati ya apdeti," mkwe alieleza.

"Sasa umeme ukikatika, hiyo si ina betri?" fundi akauliza.

"Ina."

"Inashika chaji?"

"Inashika. Yaani... sijui. Labda imechoka."

"Kama betri imechoka, ndugu yangu, usithubutu kuitengeneza hapo. Ikizimika tena katikati, hata mimi sitaiweza. Iache. Niletee kesho nikutafutie betri, ndiyo tuanze."

"Kesho? Mteja anakuja leo!"

"Mwambie aje siku nyingine. Utafanyaje?"

Mzee akawa anasikiliza mkwewe akikuna kichwa. Ndiyo, hata hilo lilisikika. Sasa hata betri ilikuwa imesingiziwa, betri isiyo na kosa, na kijana yule alikuwa tayari kumpoteza mteja kuliko kumwaibisha mzee wa mkewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini hapa mgonjwa alikuwa mmoja na kilio kilikuwa cha mwingine.

Alisimama. Ukumbi ule, ambao kila siku aliupita akikohoa, siku hiyo aliupita bila kukohoa, na binti, aliyekuwa ameegemea ukuta nje ya chumba, akashtuka kumwona.

"Mwanangu," mzee akasema mlangoni. "Umeme haukukatika."

Akashika fremu ya mlango.

"Betri haina kosa. Niliizima mimi. Kwa kitufe."

Mkwe alikuwa amekaa, mgongo kwake. Mabega yake yakapanda kidogo, yakashuka. Binti alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Huyo nani anaongea?" simu ikauliza. "Mleteni karibu. Mzee, shikamoo! Ilikuwa imefika ngapi ulipoizima?"

"Marahaba. Thelathini." Tarakimu hakuwa mtu wa kuzisahau, alizisoma kwenye dashibodi maisha yake yote. "Ilikaa hapo sana. Nikadhani imekwama."

"Haikwami hiyo, inajivuta. Sawa. Thelathini si mbaya. Uliizima mara moja tu, siyo?"

Mzee alitazama dari. Alidhani kwamba akishalisema lile kubwa, yaliyobaki yatapita chinichini. Kumbe lile lilikuwa mlango tu.

"Si mara moja."

"Mara ngapi, mzee wangu?"

"Niliwasha, nikazima. Nikawasha tena, nikazima tena. Mara tatu."

"Baba!" binti akasema. Lilimtoka.

Fundi akapiga mluzi. "Aisee. Mgonjwa alikuwa anajitibu, nanyi mnamchomoa dripu! Kila mkiwasha ilikuwa inajaribu kurudi ilikotoka. Haya, vizuri nimejua. Ningewapeleka njia siyo." Kisha akaanza kumwelekeza mkwe: chomeka chaja, washa, iache ijaribu yenyewe, ikishindwa itakuletea kioo cha buluu chenye visanduku vya kuchagua, ingia kile cha matengenezo. "Kuna sehemu itakuuliza uondoe apdeti ya mwisho. Ondoa hiyo tu. Na kuna nyingine itakuuliza ufute kila kitu. Hiyo, hata ikikubembeleza, usiiguse."

Mkwe akafanya. Mzee hakujua aondoke au abaki. Kuondoka kungekuwa kukimbia, na kubaki kulikuwa kumwekea kijana mzigo mgongoni. Akabaki, amesimama, mpaka mkwe, bila kugeuka, akalisukuma kwa mguu kreti la plastiki alilowekea karatasi.

"Kaa, baba. Goti."

Akakaa kwenye kreti. Kioo cha buluu kilikuja kama fundi alivyosema. Mkwe akachagua, akachagua tena, na vitone vikaanza upya. Fundi akaaga, akisema wasiguse hata kwa pumzi.

Wakawa wawili wanatazama vitone.

"Ulikuwa unatafuta nini, baba?"

"Ile barabara."

Mkwe akatikisa kichwa kwa kuelewa. Kisha taya yake ikacheza, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yule, alimwambia mzee neno gumu. "Kuharibika kwa mashine si kitu, baba. Mashine huharibika. Lakini nilipoingia, nilikusalimu. Ungeniambia pale pale. Nimemgombeza mke wangu bure."

"Kweli."

"Na nilipokuuliza habari ya umeme..." Hakumalizia.

"Kweli, mwanangu," mzee akasema tena. Alitamani kijana apandishe sauti kidogo, ili naye apate cha kumkasirikia, lakini hakupandisha.

Hodi ikapigwa mlango wa nje. Alikuwa mama wa matofali, mteja mwenyewe, mwanamke mnene mchangamfu mwenye kiwanda cha kufyatulia matofali, aliyekuwa akijijengea nyumba ya ghorofa moja. Binti alikuwa amekwisha kukimbia kurudi dukani. Mkwe hakuweza kuiacha mashine. Kwa hiyo ikamwangukia Breki kwenda kumkaribisha mgeni na kuketi naye.

"Nimewahi?" mama akauliza, akijipepea kwa khanga. "Huyu kijana wako nampendea hilo. Mafundi wote wananizungusha, yeye hajawahi. Akisema leo ni leo. Mmemlea vizuri."

"Ni mkwe wangu," mzee akasema. "Mimi sikumlea."

"Basi mmejua kuchagua!"

Breki alitazama mikono yake. Mgeni alitazama ukumbini. "Mbona hatoki? Kuna tatizo?"

Umeme ulikuwa pale pale, tayari, neno fupi lisilomuumiza mtu.

"Mashine yake imeharibika," mzee akasema. "Nimemharibia mimi."

Mama wa matofali akacheka, akampiga mzee kofi dogo begani. "Haya, wazee nanyi kwa kuwatetea vijana! Mwambie asiogope, nitasubiri."

"Si utani, mama. Nimeizima ikiwa katika kazi zake, mara tatu. Halafu nikadanganya."

Kicheko kikamkauka mgeni taratibu. Hakujua aweke wapi macho. "Haya," akasema mwishowe. "Basi tusubiri." Wakasubiri, na hakuna kiti kilichowahi kuwa na miiba kama kile alichokalia mzee mchana ule.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa nyumba mkwe alipotokea. Uso wake haukuwa wa furaha wala wa msiba. Kompyuta ilikuwa imeamka. Ramani zilikuwemo, ukuta kwa ukuta, ila ngazi hazikuwemo. Alizichora usiku uliopita na faili la mwisho halikuhifadhiwa vizuri. Akamwomba radhi mteja, akachukua penseli, akamchorea ngazi zile kwenye karatasi kwa mkono, akieleza zitapinda wapi. Mama wa matofali akasema ameelewa, ila angependa kuziona kwenye mashine kabla ya kukubali, atapita tena wiki ijayo. Alipoaga alimpa mzee mkono kwa adabu kubwa kuliko aliyoingia nayo, na adabu ile ilimchoma.

Jioni mzee alimfuata binti yake jikoni. Alikuwa akikatakata vitunguu.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikusikia unasingiziwa, nikakaa."

Binti hakuacha kisu. "Yamepita, baba."

"Na ule umeme pia nilikusikia."

Kisu kikasimama. "Ulisikia?"

"Kuta hizi ni za karatasi."

Binti akaona haya mpaka masikioni. Kumsitiri baba yako ni jambo moja. Kujua kwamba baba alikuwa akisikiliza jinsi unavyomsitiri ni jingine. Walisimama pale wakioneana aibu, kisha binti akasema, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, "Vitunguu hivi vikali," na mzee akasema ndiyo, vikali sana.

Alitaka kusingizia goti ili asile mezani usiku ule. Akala mezani. Mkwe alimsogezea chumvi kabla hajaiomba, kama siku zote, na hapakuwa na aliyetaja kompyuta. Lakini mara baada ya kula kijana aliingia chumbani kwake kuzichora upya ngazi, na mlio wa vitufe ukamfuata mzee hadi kitandani.

Mkewe alipiga simu kesho yake asubuhi, kama desturi yake, kuuliza habari za kliniki. Breki alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji, akamweleza yote, kuanzia kitufe. Hakuruka kitu. Ila alipofika pale alipoulizwa habari ya umeme, sauti ilimshuka yenyewe.

"Sema kwa sauti, Breki," mkewe akasema. "Sikusikii. Umesema ulifanya nini?"

Mzee akageuka kutazama nyuma. Dirisha la chumba cha mkwewe lilikuwa wazi, na mlio wa vitufe ulikuwa umesimama.

"Nasema nilidanganya," akasema, kwa sauti.